Kama Lilivyotoka Kiwandani

Kirumba nzima walinijua kwa jina moja: Kiwandani. Sikupewa na wazazi wangu, na wala sikulipenda, ila nililitafuta kwa mdomo wangu mwenyewe. Hata mama aliyekuwa akitugawia sukari kwenye duka la ushirika, zamu yangu ikifika, alikuwa akipima kilo yangu moja, anaupigapiga mfuko, halafu anasema kwa sauti ya kusikika foleni nzima, "Haya Kiwandani, chukua, haijaguswa na mtu." Watu wanacheka. Mimi nabeba sukari yangu, naondoka shingo imesimama, maana wakati huo niliamini kwamba wao ndio hawajui mambo.

Nilikuwa karani katika ofisi moja ya pamba pale mjini Mwanza, kijana wa Bukoba mwenye cheti, suruali ya tetroni na maneno mengi. Siku moja ofisi ilinituma Misungwi kuandika orodha ya vyuma chakavu kwenye kinu cha zamani. Nyuma ya ghala, chini ya magunia matupu ya mbegu, nikalikuta. Gari dogo la Kiingereza, la michezo, viti viwili, halina paa, boneti ndefu na matako mafupi. Kuku walikuwa wametaga ndani yake. Mmoja alikuwa analalia mayai kwenye kiti cha dereva, akanitazama kwa jicho moja kama bosi aliyeingiliwa ofisini bila hodi. Meneja wa Kizungu aliyekuwa nalo aliondoka vinu vilipochukuliwa na umma, akaliacha hapo, na hakuna aliyelitaka kwa sababu halibebi pamba.

Mimi nikalitaka. Jamani, nililitaka mpaka nikakosa usingizi! Lilipopigwa mnada nikauza baiskeli yangu na redio yangu, nikalinunua, nikalileta Mwanza juu ya lori la marobota huku nimekaa ndani yake na kushika usukani. Lori linakata kona, na mimi huku juu nakata kona. Watu wa barabarani waliniona, wakanipungia. Mimi nikadhani wananionea wivu.

Kwenye mfuko wa mlango kulikuwa na kitabu cha kiwanda. Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Kilikuwa na picha za kila kitu, kila skrubu na namba yake. Panya walikuwa wamekula kurasa kadhaa za katikati, pamoja na ule wa dashibodi, lakini hilo halikunisumbua, kwa kuwa dashibodi yenyewe ilikuwepo nzima mbele yangu: ubao mmoja mzuri, wa rangi ya asali iliyokolea, umechongwa mviringo kufuata saa za mafuta na mwendo. Nilikisoma kitabu kile kuliko nilivyowahi kusoma katekisimu. Nikala kiapo kwamba gari langu litarudi kama lilivyotoka kiwandani, wala halitawekewa kitu chochote ambacho hakimo kitabuni.

Fundi niliyempelekea alikuwa mzee wa Kikerewe, gereji yake ya mabati iko Igogo, karibu na reli. Mtu mfupi, mpole, vidole vinene. Alilizunguka gari mara mbili, akapapasa mlango, akasema, "Hili nalijua."

Nikacheka moyoni. Mafundi wote husema wanalijua. Ukimletea merikebu ya angani atakwambia ameshatengeneza mbili.

"Karani," akasema, "injini imekufa vyuma vya ndani, na vyuma vyake havipo Mwanza, havipo Dar es Salaam, havipo popote mpaka kwao. Tutie injini ya pikapu. Ninayo moja, iligonga mbuyu lakini moyo wake mzima. Pampu ya petroli ya umeme hii itakusumbua, tuweke ile inayosukumwa na injini yenyewe. Breki tutoe kwenye gari la mradi lililokufa. Taa hizi ni vibatari, tuweke za kisasa. Na huku nyuma," akagonga buti kwa ngumi, "tukate hapa, tuweke benchi. Litabeba watu. Litakuwa gari."

"Mzee," nikamwambia, "hili sio gari la kubeba watu. Hili ni kazi ya sanaa. Kiwandani walikaa, wakapiga hesabu, wakachora. Wewe na mimi ni nani tukakate?"

Akawa anapangusa mikono kwa kitambaa.

Mabishano yale yalichukua karibu miaka miwili, na nikitaka kusema kweli hayakuwa mabishano, yalikuwa hotuba zangu. Kila Jumamosi mchana, ofisi ikifungwa, nilikuwa nakwenda Igogo na kitabu kwapani. Fundi akiwa chini ya gari miguu imetokeza, mimi nimekaa juu ya tairi namhubiria. Nilimwambia kwamba tabu yetu sisi ni kazi za kubahatisha, leo waya, kesho kamba ya katani. Nilikuwa namwonyesha ule ubao wa dashibodi. "Tazama, mzee! Tazama kiungo hiki, huoni hata pa kuingiza wembe. Huyu mtu aliyechonga hapa alikuwa na subira. Hapa kwetu utampata wapi fundi wa namna hii?"

"Kweli," sauti ilikuwa ikitoka chini ya gari. "Kazi nzuri."

"Waingereza walijua kuchagua mbao."

"Walijua," sauti ilikuwa ikijibu. "Nipe spana namba kumi na tatu."

Vyuma vya injini nilivipata, msiniulize nilivyosumbua watu. Padri aliyekuwa akienda likizo kwao Ulaya nilimbebesha orodha ya kurasa mbili. Alikuwa ametumwa na masista alete dawa za kifua, akarudi na dawa nusu na pistoni zangu nne kwenye sanduku la nguo. Mpaka leo nikikumbuka natamani kujifunika shuka.

Balozi wetu wa nyumba kumi naye alikuja kuliona. Alikuwa mtu wa haki, hana makuu. Alichungulia ndani, akahesabu viti kwa kidole. Ilimchukua muda, ingawa vilikuwa viwili tu.

"Ndugu Karani," akasema, "nchi nzima tunajenga ujamaa. Watu wanahamia pamoja, wanalima pamoja. Wewe unatuletea gari la mtu na mwenzake?"

"Ndugu Balozi, kiwandani ndivyo walivyotengeneza."

"Huko kiwandani hawana shemeji? Hawana wagonjwa?"

Nilimweleza habari za uzito na mwendo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanipa pole, akaondoka. Nafikiri ndiye aliyenipachika lile jina.

Sasa nimtaje mchumba wangu, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiumia wakati mimi nasugua nikeli. Alikuwa muuguzi, wa Bukoba kama mimi, anakaa hosteli ya wauguzi. Mama yake alimfia angali ananyonya, akalelewa na shangazi yake, dada wa baba, ambaye hakuzaa. Ndoa yetu iliwekwa tarehe mara ya kwanza, nikaiahirisha kwa sababu rangi haijakauka sawasawa. Ikawekwa mara ya pili, nikaiahirisha kwa sababu ya kifuniko cha tangi. Ndiyo, kifuniko! Kilichokuwepo kilikuwa cha trekta, na mimi nilitaka chenye mbawa mbili kama picha ya ukurasa wa arobaini. Nilikuwa nimeapa kumtoa kanisani kwa gari lile, mimi kwenye usukani, yeye pembeni, shela inapepea, na kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Yeye hakuapa chochote. Yeye alitaka kuolewa tu.

Hatimaye gari likawaka. Jumapili moja baada ya misa nikampitia tukalijaribu mpaka Kisesa. Siku hizo magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, kubana petroli, lakini tulitoka saa nne na Kisesa si mbali. Loo, nilijiona! Nilikuwa nabadilisha gia hata pasipo na haja, ili asikie mlio. Yeye ameshika kitambaa kichwani, anacheka, na mimi nikasema moyoni kwamba hata ile miaka miwili alikuwa ameshaisahau.

Tulikunywa soda Kisesa. Saa sita tukaingia garini turudi. Pampu ya petroli, ile ya umeme, ile ya kiwandani, ambayo inatakiwa kufanya tik-tik-tik ukiwasha, ikafanya tik moja. Basi.

Nilifungua boneti. Nikasoma kitabu. Nikapuliza mrija, nikasoma tena, nikaigonga pampu kwa kisigino cha kiatu, jambo ambalo kitabuni halimo. Ilipokubali ilikuwa saa nane na dakika kumi.

"Tuliache hapa, twende na basi," mchumba wangu akasema. "Kesho alfajiri nina zamu."

"Nimwachie nani? Usiku wataling'oa vioo."

"Kwa hiyo?"

Kwa hiyo nilikodi ng'ombe. Naam, jozi ya maksai wa kulimia, na mwenyewe Msukuma mmoja aliyekuwa anatoka kunywesha. Tulifunga mnyororo wa jembe kwenye bampa, juu ya shati langu ili nikeli isichubuke, tukaanza safari ya Mwanza. Injini mbele yangu nzima, inaweza kwenda maili themanini kwa saa, na mimi nimeshika usukani nyuma ya mikia miwili. Mchumba wangu amekaa kushoto kwangu na gauni lake la misa. Mimi niko na fulana.

Igoma askari akatusimamisha. "Hujui leo ni Jumapili?"

"Najua, afande. Halijaendeshwa. Linavutwa."

Alizunguka, akagusa boneti, akatazama saa, akawatazama ng'ombe. Akafikiri sana. "Leseni ya hawa anayo nani?" Kisha akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akainamia mlango, na yule mwenye ng'ombe akacheka, na abiria wote wa basi lililokuwa limesimama pale wakacheka. Mchumba wangu hakucheka. Alikuwa anatazama mbele tu.

Tulipokaribia Nyakato, akauliza polepole, "Siku ya harusi, shangazi atakaa wapi?"

Naapa kwamba sikuwa nimewahi kufikiri hilo. Mimi, Mhaya mtoto wa Wahaya! Kwetu bibi harusi hafiki kwa mumewe peke yake kama barua. Shangazi ndiye anayemleta, ndiye anayemshika mkono na kumkabidhi. Nimeliona hilo kwa dada zangu wote. Lakini kitabu cha kiwanda hakina ukurasa wa shangazi, na miaka miwili sikuwa nimesoma kitabu kingine.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema sijui. Nikajibu, "Atakuja nyuma na lori la ndizi."

Akafungua mlango. Gari halina haja ya kusimama wakati linavutwa na ng'ombe. Alishuka tu kama mtu anayeshuka kitandani, akavua viatu, akawa anatembea kando ya barabara. Nilimwita. Akaongeza mwendo. Jamani, alitupita! Alitupita mimi, gari na ng'ombe, akatokomea mbele, na mimi nimeshika usukani wa gari la michezo.

Jumanne nikapata barua yake. Ilikuwa fupi. Tarehe ni Jumamosi ya wiki ijayo, padri ameshaambiwa, haitaahirishwa tena. Shangazi anakuja na meli. "Huyu ndiye mama yangu," aliandika. "Mguu wake uliungwa vibaya, unajua, hawezi kupanda lori wala Landrova, hawezi kuinua goti. Kama yeye hana mahali pa kukaa kwako, na mimi sina. Usinijibu kwa maneno."

Nilihangaika siku nane. Teksi za mji zote zilikuwa juu ya matofali, hakuna matairi. Ofisini walikubali kunipa Landrova. Nikapima ngazi yake kwa rula, ikafika juu ya goti langu. Nikaomba gari la mkuu wa shule fulani, likawa limeazimwa kwenye msiba Magu. Nikafikiria machela. Nikafikiria hata kiti kibebwe na watu wanne kama zamani za wakama, wafalme wetu, mpaka nikakumbuka balozi atasema nini. Jambo moja tu sikufikiria. Kulikata gari langu? Aka!

Alhamisi asubuhi meli ikaingia. Nikaenda bandarini. Shangazi akateremka daraja la meli hatua moja moja, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine bega la mchumba wangu. Mwanamke mwembamba, kitambaa cheupe, harufu ya kahawa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe mwenye gari?"

"Ni mimi."

"Nimesikia habari zake. Namshukuru Mungu. Mguu huu hautaki juu, nilikuwa naogopa nitamwaibisha mtoto siku yake."

Mchumba wangu akanitazama. Mtu mzima amevuka ziwa usiku kucha amekaa juu ya kikapu chake, anashukuru kwa ajili ya kiti ambacho mimi nimemnyima. Nikaaga kwa haraka, nikasingizia kazi, nikashika njia ya Igogo kwa miguu, kule gari lilikolala tangu ile Jumapili.

"Harusi ipo, karani?" fundi akauliza.

"Haipo, mzee." Nikamweleza yote, ng'ombe, barua, fimbo ya shangazi. Alikuwa ameshasikia habari za ng'ombe. Mwanza nzima ilikuwa imesikia.

"Gari lenyewe ni la chini," akasema. "Kiti cha mbele cha kushoto anakaa kama kwenye kigoda, hana haja ya kuinua goti. Nyinyi wawili mtakaa nyuma, nyinyi mna magoti. Mimi naendesha. Kinachotakiwa ni benchi, na siku moja na nusu inatosha."

"Nitalikataje, mzee?" Nilikuwa karibu kulia, na nasema wazi kwamba nilikuwa nalilia bati. "Kila kitu humu ni kile kile. Angalia ubao huu peke yake! Nikianza kukata nyuma, kesho nitakata na hapa?"

Fundi akavuta pumzi. Akachukua bisibisi, akafungua skrubu mbili za dashibodi, halafu mbili nyingine, akauvuta ubao taratibu, akaugeuza na kunipa.

Nyuma yake, kwa ncha ya msumari, palichorwa samaki. Sato, na mapezi yake, si mkubwa kuliko kidole gumba.

"Mvule," akasema. "Mti uliangushwa Ukerewe, shambani kwa baba yangu mdogo. Nilikuwa kijana, nafanya kazi ya useremala pale kinuni Misungwi. Hapo mbele kulikuwa na bati tu, limeota kutu, yule meneja anaona haya kumpakia mgeni. Nikamchongea huo. Siku tisa. Yule samaki ni alama yangu, wakati huo kuandika sijui."

Nilibaki nimeshika ubao kama sahani. Zile Jumamosi zote zikanirudia moja moja: mimi juu ya tairi, yeye chini ya gari, mimi namuuliza hapa kwetu utampata wapi fundi wa namna hii, na yeye pale pale, nikikanyaga ningekanyaga mguu wake.

"Mbona hukuniambia, mzee?"

"Hukuniuliza." Akachukua kitambaa, akapangusa vidole. "Halafu ulivyokuwa unausifia kila wiki, ningekukatiza vipi? Nyumbani nilikuwa namsimulia mke wangu. Jumamosi zikifika ananiuliza, leo amesemaje?"

Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni. Kisha kicheko kikanijia bila kualikwa, na yeye akacheka, tukacheka mpaka tukakaa chini. Nilipopata pumzi nikamwambia, "Lete msumeno."

"Nitakata mimi. Wewe utakata upogo."

"Nishike basi upande mwingine."

Tulikata Alhamisi hiyo na Ijumaa yote. Nilishika upande mwingine wa msumeno, na niseme kweli, lile bati la kiwandani nililoliogopa kama mbao za altare lilikatika kama kopo la maziwa. Benchi lilikuwa la mvule. Mto wake tulishindilia pamba, nyingi, ya daraja la kwanza, tukafunika kwa ngozi ya ng'ombe iliyotiwa dawa, na nilipoiona nikawakumbuka wale maksai. Pampu ya umeme tuliing'oa, tukaweka ya pikapu. Kifuniko cha tangi kikawa kile kile cha trekta nilichokitupa. Fundi alikuwa amekitunza kwenye kopo miezi yote hiyo, hakuniambia.

Jumamosi, mlango wa kanisa ulipofunguliwa, gari lilikuwa chini ya ngazi linanguruma. Fundi kwenye usukani, amevaa koti la kuazima lililomfunika vidole. Alishuka, akafungua mlango wa kushoto, akafuta kiti kwa kiganja mara mbili, akasimama kando.

Shangazi alisogea na fimbo yake. Alilitazama gari kwa muda. Kisha akageuka, akakaa, mguu mzima kwanza, ule mwingine ukafuata wenyewe bila kuinuliwa na mtu.

"Hili lina adabu," akasema. "Limeinama kunipokea."

Sisi tukaruka nyuma kwenye benchi. Tuliposhuka mteremko kuelekea Kirumba watu wa foleni ya sukari wakaacha foleni yao. "Kiwandani! Kiwandani!" Balozi alikuwepo, akahesabu tena kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne, akapiga makofi. Mke wangu aliniegemea. Alikuwa hajanisemesha tangu Nyakato isipokuwa pale mbele ya padri alipolazimika.

"Hivi ndivyo lilivyotoka kiwandani?" akaninong'oneza.

Nikasema hapana.

Mbele yetu shangazi alikuwa anapitisha kiganja juu ya ubao wa dashibodi, taratibu, kama anavyopapasa mtu kitambaa dukani. Akageuza shingo. "Mkwe wangu, mbao hii ya wapi? Ya Ulaya?"

Nilikuwa nimelijibu swali hilo mara elfu, kwa wageni, kwa makarani wenzangu, kwa kuku. Safari hii nikainama kati ya viti viwili ili wote wawili wasikie.

"Ya Ukerewe, shangazi. Aliyeichonga ndiye anayekuendesha."

Shangazi akamwangalia fundi. "Asante, baba," akamwambia. "Umefanya kazi." Na fundi akashika usukani kwa mikono yote miwili, na macho barabarani.

Tulipofika, shangazi akamshika mke wangu mkono, akaushika na wangu, akaviunganisha viganja vyetu mlangoni na kusema maneno ambayo shangazi husema. Sitayaandika hapa.

Miaka mingi imepita. Fundi amekwenda, shangazi amekwenda, gari liko chini ya banda langu nyuma ya nyumba, halitembei. Juzi juzi alikuja bwana mmoja, nadhifu, anakusanya magari ya zamani, ana kitabu cha kiwanda chenye kurasa zote. Alinionyesha ukurasa wa dashibodi. Bati, kweli. Akapiga picha, akatikisa kichwa kwa huruma kama daktari.

"Mzee, nani aliliharibu hivi?"

"Mimi," nikamjibu.

"Si kitu, linarekebishika. Huu ubao tutautupa. Hili benchi tutaling'oa, tutaziba nyuma. Nitalirudisha kama lilivyotoka kiwandani."

Alikuwa na uso ule ule. Nilimjua, huyo, nilimjua kuliko alivyojijua. Nilikuwa natafuta neno la upole la kumwambia, wakati mke wangu, ambaye alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele, aliuliza bila kuinua kichwa:

"Na shangazi atakaa wapi?"

Yule bwana akageuka huku na huku, akimtafuta huyo shangazi. Akatazama nyumbani, akatazama uani. Nikaenda upande wa kushoto wa gari, nikafungua mlango, nikafuta vumbi la kiti kwa kiganja, mara mbili, nikaufunga tena.